Ng'ombe Ambao, Ng'ombe Ambazo

Wiki chache baada ya kustaafu, nikiwa nyumbani kwangu Nangara napepeta maharage, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Happiness, binti aliyerithi meza yangu ofisini. "Shikamoo Mama Tumaini. Samahani kwa usumbufu. Ni wataalam au wataalamu?" Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Kwa sasa andika wataalamu. Hiyo nyingine usiitupe, iweke kwenye droo. Bosi mwingine anakuja."

Akanitumia vikatuni vya kucheka. Alidhani natania. Ndipo nikaona niandike haya, kwa ajili yake na wenzake wanaoanza kazi ya uandishi wa ofisini. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vilichelewa kama vya watu wengine, na mshahara ulikuwa ukifika umeshachoka. Nitaandika juu ya koma, herufi kubwa, na ng'ombe.

Nilianza kazi nikiwa binti mwembamba wa Dareda, nimetoka chuo cha uhazili na cheti changu nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Kwetu tulizungumza Kiiraqw. Kiswahili nilikutana nacho shuleni, kikiwa kimenyooka na kimechomekewa vizuri, kwa hiyo niliamini kiko kimoja tu, kama Mlima Kwaraa. Ofisi niliyopangiwa ilishughulika na kilimo na mifugo. Jina lake naliacha, maana wengine bado wanaitegemea. Nilikabidhiwa kwa Mama Sabina, mwandishi mkongwe, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa akipiga mashine ya chapa huku anaongea na huku anakunywa chai, na asikosee lolote kati ya hayo matatu.

Mashine yangu ilikuwa na herufi m iliyopenda kuruka juu kidogo ya wenzake. Hiyo haikumsumbua mtu. Kilichowasumbua wakubwa ni neno la kutangulia kichwa cha barua. Siku ya kwanza niliandika "Kuhusu:" kama nilivyofundishwa chuoni. Barua ikarudi ina mstari wa wino mwekundu. Nikaandika "YAH:" kama nilivyoona kwenye faili. Ikarudi. Mkuu wa wakati ule alitaka Y kubwa, a na h ndogo, na chini yake mistari miwili. Wakati ule, enyi vijana, kurekebisha neno moja maana yake ni kupiga ukurasa mzima upya, pamoja na nakala zake za karatasi ya kaboni, na vidole vinabaki vyeusi kama umetoka kuchoma mkaa.

"Mama Sabina," nikauliza, "kwani hiyo Yah ni nini?"

"Ni 'yahusu', imekatwa mkia."

"Kwa nini imekatwa?"

"Tuliikuta hivyo." Akageuza karatasi yake. "Sikiliza, Paskalina. Koma ya bosi ni kama kofia yake. Akiwepo, itundike anapotaka. Akihama, anaondoka nayo."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Baadaye niligundua kuwa ndiyo yaliyomwezesha kunywa chai kwa utulivu miaka yote ile.

Mji wetu wa Babati ulipofanywa makao makuu ya mkoa, wakubwa wakaja kutoka kila upande wa nchi, na kila mmoja akaja na Kiswahili chake kwenye begi. Kulikuwa na mmoja aliyependa "aidha". Kwake kila aya ilianza na "Aidha", hata aya ya kwanza, ambayo haikuwa na kitu cha kuongezea. Aliyemfuata akaita barua hizo zote mezani, akanionyesha kwa kidole. "Aidha nini, Mama Tumaini? Aidha hiki au kile? Mbona hamalizii?" Nikamweleza kwamba kwa mwenzake aidha ilikuwa na maana ya vilevile. Akasema kwake aidha ni ama, na kuanzia siku hiyo tukaandika "Vilevile". Wa tatu akasema vilevile ni neno la sokoni. Mimi nilikuwa nimeolewa, nina watoto, nina ng'ombe mmoja wa maziwa wa kukamua kabla ya kuja kazini. Nikaandika "Pamoja na hayo" na maisha yakaendelea.

Kisha zikaja kompyuta. Tulifurahi sana kwa kuwa sasa koma ilihama bila kuchafua vidole. Lakini mashine yenyewe nayo ilikuwa na maoni. Kila neno la Kiswahili ililipigia mstari mwekundu kwa chini. Barua nzima ilionekana kama daftari la mtoto aliyefeli. Mkuu mmoja alipita nyuma yangu, akaona ile mistari, akashtuka. "Haya makosa yote ni yako?" Nikamwambia mashine haijui Kiswahili. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayesikia kisingizio, akaniomba niipitie barua tena kwa umakini.

Nafika sasa kwa Bwana Msangi, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu leo.

Bwana Msangi alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari kabla ya kuhamishiwa utawala, na alipoletwa kuwa mkuu wetu alikuja na chaki moyoni. Mtu mwema sana. Ukifiwa, wa kwanza kufika ni yeye, na akishika jembe la kaburi haachi mpaka mwisho. Lakini ukimwandikia "ng'ombe zote" alikuwa anaumia mwilini. Nilimwona kwa macho yangu akishika kifua. "Ng'ombe ana roho," alikuwa akisema. "Mwenye roho ni a-wa. Ng'ombe wote. Ng'ombe hawa. Tukimnyima ng'ombe upatanisho wake, tutamwachia nini?"

Chumba cha pili alikaa Daktari Bayo, daktari wa mifugo, kijana wa hapahapa aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Yeye alitaka sentensi fupi na lugha ya wafugaji. Wafugaji wetu, wawe Wairaqw au Wabarbaig, wanasema "ng'ombe zangu zimepotea", "ng'ombe zile zinaumwa", na hakuna ng'ombe aliyewahi kulalamika. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na korido, na kwenye korido nilikuwepo mimi, nikibeba karatasi kwenda na kurudi.

Msimu huo kulizuka homa ya mapafu ya ng'ombe. Zizi moja upande wa juu lilikuwa limebaki na ndama tu. Watu walikuwa wanaogopa, na haki yao, maana hapa mtu akipoteza ng'ombe amepoteza ada ya shule, mahari na heshima kwa mkupuo. Chanjo ikaletwa, ndani ya masanduku ya barafu. Ilipasa itumike siku ileile, kabla barafu haijayeyuka, na hakuna aliyejua nyingine itakuja lini. Daktari Bayo akaandika tangazo kwa mkono: "Zoezi la chanjo ya ng'ombe litafanyika Jumatano, josho la Mutuka. Leteni ng'ombe zote."

Nikalipeleka kwa Bwana Msangi. Akafungua kalamu nyekundu.

"Zoezi ni la viungo au la darasani," akasema, akakata. "'Leteni' ni amri, hatuwezi kuamrisha wananchi kama tunawafukuza dukani." Akakata. Alipofika "ng'ombe zote" hakukata, alizungushia duara, kama daktari anayezungushia jipu.

Nikarudi kwa Daktari Bayo. Akasoma, akacheka kwa hasira. "Mwambie wafugaji hawatanielewa."

Nikarudi kwa Bwana Msangi. "Mwambie watazoea."

Nilikwenda na kurudi hivyo asubuhi nzima, mpaka mhudumu wa ofisi akaniuliza kama nimeandikiwa mazoezi hospitali. Mwishowe Daktari Bayo akachoka, maana alikuwa na safari ya kufuata sindano. "Mama Tumaini, aandike anavyotaka. Muhimu siku na mahali visibadilike." Bwana Msangi akakaa, akatunga mwenyewe, akanisomea kwa sauti huku anapigisha kidole mezani kwa kila upatanisho:

"Wafugaji wa ng'ombe ambao hawajachanjwa wanatakiwa kufika katika josho la Mutuka siku ya Jumatano saa mbili asubuhi bila kukosa."

"Umeona?" akaniuliza. "Sentensi moja. Hakuna zoezi, hakuna zote."

Nilikubali kwamba ilikuwa nzuri. Tukaibandika kwenye mbao za matangazo, tukawapa wenyeviti wa mitaa, na Jumapili ikasomwa kanisani baada ya misa.

Jumatano tulifika Mutuka asubuhi, Daktari Bayo, mimi na masanduku ya barafu. Mimi nilikuwa nimeenda kuandika majina. Kwa mbali tukaona umati, na daktari akafurahi. "Wameitika," akasema. Tulipokaribia akapunguza mwendo. Watu walikuwepo wengi sana. Wanaume wameteremsha shuka bega moja. Akina mama wamekunja mikono ya magauni. Wamepanga foleni safi kuanzia kwenye uchochoro wa mbao wa kupitishia ng'ombe mpaka barabarani. Ng'ombe hakuwepo hata mmoja.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mzee Gidamis, mfugaji mkubwa aliyehamia kutoka upande wa Hanang, mrefu, na bega lake la kushoto liko wazi tayari.

"Shikamoo mzee," akasema daktari.

"Marahaba. Tumefika."

"Ng'ombe ziko wapi?"

"Malishoni. Zifanye nini hapa?"

"Mzee, tumewaita mje na ng'ombe."

"Hapana." Mzee Gidamis alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto njia. "Tangazo lilisomwa kanisani, mimi nimesikia, na hawa wamesikia. Mfugaji wa ng'ombe ambaye hajachanjwa, afike. Mimi sijachanjwa. Nimefika."

Foleni ikaitikia kwamba ndivyo ilivyosomwa. Na ilikuwa kweli. Tena miaka ile watu walikuwa wameshachanjwa kwa mambo mengi, wakubwa kwa watoto, hata hakuna aliyeona ajabu kuongezewa moja. Mzee mmoja wa nyuma, alipoona daktari anafungua mkoba na kutoa sindano za ng'ombe, akauliza kwa adabu kama yeye anaweza kuja kesho.

Bwana Msangi akafika na gari la ofisi. Akateremka, akatazama mabega yaliyo wazi, akatazama uchochoro mtupu. Daktari Bayo akampa ile karatasi ya tangazo. Bwana Msangi akaisoma.

"Sentensi ni sahihi," akasema.

"Ni sahihi kabisa, mkuu," akajibu daktari. "Imeleta watu wote."

Bwana Msangi akaisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Niliona pale alipofika. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekumbuka chungu jikoni. "Ambao," akanong'ona. "Ambao inawashika wote wawili. Mfugaji na ng'ombe wako ngeli moja."

"Amesema nini?" akauliza mama mmoja.

"Amesema mfugaji na ng'ombe wana ngeli," akajibiwa.

"Mungu wangu! Na yenyewe inaambukiza?"

Habari ya ngeli ikaenda nyuma ya foleni kwa kasi, na niliona watu wakianza kufunika midomo kwa kanga. Hapo nilitaka kucheka, lakini nilitazama masanduku ya barafu juani na kicheko kikakauka. Daktari Bayo alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kifuniko, kama anapima homa. "Tukikosa leo," akasema kwa sauti ya chini, "sijui nitawaambia nini hawa watu."

Mzee Gidamis alimsikia. Akapandisha shuka yake begani, akatoa simu, akaanza kuzungumza kwa Kibarbaig na watu wake wa malishoni, kwa sauti ambayo nadhani walimsikia hata bila simu. Waliokuwa karibu na maboma yao wakaondoka mbio. Lakini walikuwepo wengi zaidi ambao hawakuja kabisa, kwa kuwa walikwisha kuchanjwa miili yao wakaona tangazo haliwahusu. Hao ilibidi tuwafuate.

Pale barabarani palikuwa na bajaji yenye spika juu, inatangaza mnada. Bwana Msangi akaisimamisha, akaingia, akaniita. "Mama Tumaini, twende wote. Wewe unawajua watu wa huku."

Tulianza vibaya. Alishika kipaza sauti, akakohoa, akasema: "Ndugu wafugaji wa Mutuka, mnatangaziwa kwamba, kutokana na tafsiri tofauti ya tangazo lililotolewa awali..." Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi akainua kichwa. "Mimi nimechanjwa, baba!" akapiga kelele, akainama tena. Nyumba ya pili, hivyohivyo. Nyumba ya tatu mwanamume akatuonyesha kovu.

Bwana Msangi akazima kipaza sauti. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alitazama mbele kwa muda, bajaji inaruka makorongo, na mimi nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua anatafuta namna ya kusema bila kuvunja kitu anachokipenda. Kisha akakiwasha tena.

"Leteni ng'ombe!" akapaza sauti. "Leteni ng'ombe zenu zote josho! Zile ambazo hazijachanjwa! Zije zenyewe, siyo nyinyi! Ng'ombe zote! Zote!"

Yule mwenye kovu akaruka ua, akakimbilia zizini. Nyuma yetu, mama wa mahindi alikuwa ametupa jembe.

Nilijifanya natazama Kwaraa. Tulizunguka Mutuka yote hivyo, zote, zile, hizo, zenu, na kila alipotamka mojawapo alifumba macho kidogo, kama mtoto anayemeza dawa. Tulipogeuza kurudi, akazima kipaza sauti.

"Mama Tumaini."

"Naam, mkuu."

"Hayo hayataandikwa kwenye taarifa."

"Hayataandikwa, mkuu."

Na kwenye taarifa hayakuandikwa. Hizi ni kumbukumbu.

Ng'ombe walikuja. Vumbi liliinuka kutoka pande zote mpaka tukashindwa kuonana. Mzee Gidamis alisimama mdomoni mwa uchochoro akiita kila ng'ombe kwa jina, na Daktari Bayo akachoma mpaka mkono ukakataa, akahamishia wa pili. Bwana Msangi alikunja suruali ya kazi, akawa anasukuma ndama kwa nyuma, na mmoja akampaka samadi tai yake yote. Jioni, barafu ikiwa maji, chupa ya mwisho ikaisha, na ndama wa mwisho akatoka akirusha mateke.

Pembeni alibaki mama kijana na mtoto mgongoni. Alikuwa amekaa tangu asubuhi. "Kwa hiyo huyu hachanjwi?" akaniuliza. "Nilitoka mbali. Alikosa ile ya kutimiza miezi tisa." Nilimpandisha kwenye ileile bajaji mpaka zahanati, na muuguzi, baada ya kusikia kisa chote, akacheka hadi akakaa, kisha akamchanja. Mtoto alilia sana. Ugonjwa haukuendelea. Maboma ya Mutuka hayakupoteza ng'ombe tena msimu ule.

Baada ya hapo Bwana Msangi aliunda kamati ya kuandika kanuni moja ya uandishi kwa ofisi nzima, ili yasitokee tena. Nilikuwa katibu wake. Kikao cha kwanza kilianza kwa ari, kulikuwa na soda na karanga. Nikauliza niandike nini kwenye jalada. "Mwongozo wa Uandishi," akasema Bwana Msangi. "Muongozo," akasema Daktari Bayo. Karanga zikaisha, soda zikaisha, kikao kikaahirishwa. Kamati hiyo haijavunjwa rasmi mpaka leo, kwa hiyo kisheria bado niko kikaoni.

Bwana Msangi alihamishwa, akaenda na koma zake, na niseme ukweli, nilizikumbuka. Alikosea kama anavyokosea mtu anayejali. Wengi waliofuata hawakujali hata hilo. Mwishowe Daktari Bayo mwenyewe akawa mkuu wetu, mvi zimeingia, na siku yangu ya mwisho ilimkuta yeye kwenye kiti.

Asubuhi ile aliniita. "Mama Tumaini, inatakiwa barua ya kuaga, ya kuwekwa kwenye faili lako. Iandike."

"Kwa mtindo gani, mkuu?"

"Wa kwako."

Nikakaa mbele ya kompyuta. Vijana wangu, sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Niliweza kuandika kama mtu wa aidha, kama mtu wa vilevile, kama Bwana Msangi kwa upatanisho kamili. Nilipojitafuta mimi kwenye vidole vyangu, sikujua naanzia wapi. Chai ikapoa. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikaandika kama ninavyosema:

"Ninaondoka leo. Funguo za kabati ziko kwa Happiness. Birika linavuja upande wa mkono, mlishike kwa kitambaa. Kazi hii niliipenda kuliko nilivyokuwa nasema. Asanteni."

Nikaipeleka. Daktari Bayo akaisoma yote, akarudi juu, akaisoma tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na nilisimama nikisubiri, kama nilivyosubiri kwenye milango yote ya wakubwa. Akaishusha kalamu mpaka chini ya karatasi, akasita.

"Mbona huku chini umeandika jina langu?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Jina lake, cheo chake, na nafasi ya sahihi juu yake, kama barua nyingine zote nilizowahi kuandika tangu niwe binti. Vidole vilijiendea vyenyewe.

Hakunirudishia nikapige upya. Alikata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika langu kwa mkono, Paskalina, kwa herufi za daktari ambazo ni mimi tu ninayeweza kuzisoma, akanipa kalamu. Nikaweka sahihi. Ile P ikatoka kubwa mno, lakini hakuna aliyesema irekebishwe.